Viza ya India kwa Mtandao: Mambo 11, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Wanaojiandaa kwenda India wako makundi mawili: walioanza na kununua begi, na walioanza na kujaza fomu. Kundi la kwanza ni kubwa kuliko la pili, na ndilo ninalozungumza nalo leo. Weka begi chini, ndugu yangu. Taj Mahal ipo pale Agra tangu karne ya 17, wiki hii haihami.

India ilifungua mlango wa viza ya mtandaoni tarehe 27 Novemba 2014, ikaanza na raia wa nchi 43 na viwanja 9 vya ndege. Leo nchi zimepita 160, Tanzania na Kenya zikiwamo. Kwa mtu wa Mbeya au Kisumu hili ni jambo la kushukuru kwa mikono miwili. Zamani pasipoti ilisafiri kwenda mjini kabla ya mwenyewe, ikalala huko, ikasubiri. Sasa viza inaombwa ukiwa umekaa kibarazani, na jibu linakuja kwa barua pepe.

Ila kuna mtu mmoja tumempoteza njiani: yule karani wa dirishani aliyekuwa akiitazama fomu yako, akitikisa kichwa na kusema, "Hapa umekosea mama, andika upya." Kazi yake sasa umepewa wewe, bila mshahara na bila likizo. Kwa hiyo tuifanye vizuri. Tunaanza na jambo jepesi, tunashuka mpaka lile linaloweza kukuacha uwanja wa ndege huku begi limeshafungwa nailoni.

11. Alama ya mwilini

Fomu inataka alama inayoonekana kwenye mwili wako, na haikubali ukimya. Hapa ndipo steshenari nzima husimama kusikiliza.

"Mama, wanataka alama."

"Alama gani tena, mwanangu, mimi mtu mzima?"

"Kovu, baka, chochote."

"Andika nilianguka kwenye mwembe mwaka niliomaliza la saba, dada yangu ndiye aliyenisukuma, na mpaka leo hajaomba radhi."

Mama, nafasi ni ndogo na dada hahusiki. Fomu inajazwa kwa Kiingereza, na "kovu goti la kushoto" kwa lugha hiyo linatosha. Huna kovu hata moja? Hongera kwa malezi, andika kwamba huna, songa mbele. Ila kabla hujasonga, nakili ile namba ya muda ya maombi inayotokea juu ya ukurasa. Umeme ukikatika au bando likiisha, namba hiyo ndiyo itakayokurudisha ulipoishia. Bila hiyo, unarudi kwenye mwembe.

10. Nchi ulizotembelea ndani ya miaka 10

Wengi hudhani kusafiri ni kupanda ndege. Fomu haijauliza ndege. Ulivuka Namanga kwa basi kwenda harusini? Umetembelea nchi. Ulivuka Tunduma ukalala Nakonde kwa sababu ya mzigo? Zambia hiyo, iandike. Wafanyabiashara wa mpakani, nyinyi ndio wasafiri wakubwa wa kanda hii na hamjijui.

Linafuata swali jingine kuhusu nchi za Asia ya Kusini ulizopita ndani ya miaka 3. Ziko nane ukihesabu na India yenyewe: Afghanistan, Bangladesh, Bhutan, Maldives, Nepal, Pakistan na Sri Lanka ndizo nyingine. Fungua pasipoti, tazama mihuri, jibu. Kumbukumbu ya kichwani tuiachie methali.

9. Mtu wa kule na mtu wa huku

Unatakiwa kutaja mtu wa kukurejea India na mwingine nyumbani: jina, anwani, simu. Hapa watu hukwama, wakaanza kumtafuta Mhindi yeyote wanayemfahamu, mpaka mwenye duka la vitambaa aliyehamia Canada. Tulia. Hoteli uliyoweka nafasi inafaa: jina lake, anwani yake, simu yake. Ukienda kwa rafiki au ndugu, mwandike yeye, na umwambie kwamba umemwandika.

Wa nyumbani awe mtu anayepokea simu. Yule mjomba asiyepokea namba ngeni kwa kuogopa wanaomdai, mpe heshima zake zote, ila kwenye fomu hii apumzike.

8. Picha

Tukae hapa kidogo, maana kwenye picha ndipo maombi mengi hukwama.

Picha inayotakiwa ni ya mraba, upana sawa na urefu. Zile za pasipoti saizi unazopiga studio ni ndefu kuliko upana wake. Ukizipakia hivyohivyo, utajikuta unazikata mpaka kidevu kinabaki nje ya India. Mwambie mpiga picha tangu mwanzo: "Nataka ya mraba, nitumie kwenye simu." Usiseme ni ya pasipoti, maana mkono wake umeshazoea na atapiga ileile.

Nyuma yako pawe peupe, au rangi nyepesi isiyo na maua. Zile zilizokubakia zenye kitambaa cha bluu nyuma, wagawie shangazi zako waweke kwenye albamu. Kivuli kisionekane, wala fremu pembeni. Uso wote mbele, macho wazi, miwani vua. Najua miwani inakupendeza, na najua bila hiyo humwoni hata mpiga picha. Vumilia sekunde tatu.

Faili liwe la JPEG, uzito usipungue kilobaiti 10 wala usizidi megabaiti 1. Simu za siku hizi zina kamera kali mno, picha moja inabeba megabaiti nne na kila kinyweleo kinahesabika. Ipunguze. Kijana wa steshenari anajua, na wewe unaweza kuipunguza kwa simu hiyohiyo. Kisha kuna ukurasa wa pasipoti wenye picha na maelezo yako: huo unapakiwa kama PDF, kati ya kilobaiti 10 na 300. Mia tatu tu! Ndiyo maana kuupiga picha mezani juu ya kitambaa cha maua, huku kidole gumba kikiwa pembeni, hakufai. Uskani, uangalie kama herufi za chini kabisa zinasomeka, kisha uupakie. Ukurasa wenye ukungu hurudishwa, na siku za safari zinazidi kusogea.

Na pasipoti yenyewe, kabla ya kuiskani: iwe na miezi isiyopungua sita ya uhai tangu siku utakayotua, na kurasa mbili tupu za kugongwa mihuri. Kama imebakiza miezi minne, safari yako inaanzia Uhamiaji wa nyumbani.

7. Malipo

Ada inatofautiana kwa uraia na kwa muda wa viza. Ipo ya siku 30, ya mwaka mmoja na ya miaka 5. Kwa raia wa nchi nyingi, ile ya siku 30 hushuka bei kuanzia Aprili hadi Juni, na sababu yake utaikuta Delhi ikikusubiri: joto la miezi hiyo hupita nyuzi 40. Ukitoka Dar ukadhani umeshazoea joto, Delhi ya Mei itakufundisha upya. Juu ya ada kuna makato ya benki, kwa hiyo usiweke kwenye kadi hela inayolingana na ada kamili mpaka senti ya mwisho.

Kadi nyingi za benki zetu hazijafunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni mpaka mwenyewe uombe. Piga simu benki kabla, siyo saa sita usiku ukiwa umefika ukurasa wa mwisho. Kenya wapo wanaotumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay tangu 2022, na inafanya kazi ileile ya kadi ya plastiki.

Malipo yakigoma, usiwe na mikono ya kubonyeza. Una majaribio matatu kwa maombi mamoja. La tatu likishindikana, namba yako ya maombi inafungwa na unaanza fomu upya, kovu la goti na yote. Kwa hiyo jaribio la kwanza likikwama, funga ukurasa, kunywa chai, subiri saa kadhaa uone kama hela imekatwa na taarifa imechelewa tu. Wengi hulipa mara mbili kwa sababu ya haraka. Na ada haina marejesho, viza ikubaliwe au ikataliwe.

6. Babu alizaliwa wapi?

Hapa utani naupunguza, maana swali linagusa familia za pwani moja kwa moja. Fomu inauliza majina ya baba na mama, uraia wao na mahali walipozaliwa. Kisha inauliza kama wazazi wako, au babu na bibi wa pande zote mbili, walikuwa raia wa Pakistan au walitoka maeneo yaliyo chini yake.

Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na hata miji ya bara zimejaa familia ambazo mizizi yake ni Kutch, Gujarat na Sindh. Babu aliyepanda jahazi Karachi mwaka 1930 aliondoka bandari ya India ya Waingereza. Pakistan ilizaliwa Agosti 1947, yeye akiwa ameshafungua duka Ng'ambo. Mjukuu wake leo ni Mswahili mwenye pasipoti ya Tanzania, hajawahi kukanyaga Karachi, na ghafla fomu ya utalii inamuuliza habari za babu.

Jibu la kweli ndilo la kuandika, hata kama linarefusha njia. Wenye asili ya Pakistan hawatumii dirisha hili la mtandaoni. Wanaomba viza ya kawaida kwenye ubalozi wa India, Dar es Salaam au Nairobi, na zipo ofisi za ubalozi Zanzibar na Mombasa. Huchukua muda zaidi, kwa hiyo anza mapema sana. Anza hata kabla ya hapo: nenda kwa bibi na daftari. "Bibi, babu alizaliwa mji gani hasa, na mwaka gani?" Utapata jibu la fomu, na utapata stori ya jahazi, ya dhoruba, na ya mkwe aliyekataa posa. Ya mkwe fomu haikuuliza. Iandike hivyohivyo kwenye daftari lako.

5. Sindano ni polepole kuliko viza

Hili haliko kwenye fomu na ndiyo maana linaumiza watu. India inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo kwenye hesabu hiyo. Mtanzania unayepitia Nairobi au Entebbe, usijitoe kwenye hadithi hii: kadi yako ya njano isafiri nawe.

Sasa hesabu hizi mbili zisikilize pamoja. Viza ya mtandaoni unaweza kuipata ndani ya siku chache tu. Chanjo inaanza kutambulika siku ya 10 baada ya kuchomwa. Mtu anapata viza Jumatatu, anachoma sindano Jumanne, anapanda ndege Ijumaa, na makaratasi yote mkononi mwake ni halali isipokuwa moja. Anayetua bila cheti halali anaweza kuwekwa karantini mpaka siku 6, na karantini haina ziara ya Jaipur ndani yake.

Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hiki kinadumu maisha yote. Kwa hiyo kama ulichoma miaka ile ukienda kwingine, kitafute kwenye lile begi la vyeti, chini kabisa, karibu na kadi ya kliniki ya mtoto aliyeko chuo sasa.

4. Tarehe

Zipo tatu za kuangalia.

Ya kwanza ni lini uombe. Viza ya siku 30 inaombwa ndani ya siku 30 kabla ya kufika. Ya mwaka na ya miaka 5 inaweza kuombwa mpaka siku 120 kabla. Mwisho wa chini ni siku 4 kabla ya kutua. Nne ni ukingo wa daraja, na wewe usitembee ukingoni. Zikiwa wiki mbili, picha ikirudishwa una nafasi ya kupiga nyingine bila kumpigia mtu kelele.

Ya pili inawachanganya hata wasafiri wazoefu. Kwenye kibali cha viza ya siku 30 kuna tarehe ya mwisho. Watu huiona wakashtuka: "Mbona wamenipa siku mbili tu?" Hapana. Hiyo ni siku ya mwisho ya kuingia India. Ikiandikwa 20 Machi na wewe ukatua 18 Machi, siku zako 30 zinaanza kuhesabiwa tarehe 18, siku uliyotua. Ya mwaka mmoja na ya miaka 5 ni kinyume chake: saa inaanza kugonga tangu siku kibali kilipotolewa, hata ukiwa bado Morogoro unatafuta begi.

Ya tatu ni kuongeza muda. Viza hii haiongezwi, wala haibadilishwi kuwa ya aina nyingine ukiwa ndani. Tiketi ya kurudi ipangwe ndani ya siku zako. Kwa wale ambao safari nzima ni Taj Mahal: Ijumaa hufungwa kwa watalii. Nimekwambia mapema ili usije ukasafiri kilomita zote hizo ukapiga picha na geti.

Saa za India ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu. Nusu hiyo imewachelewesha wengi kuunganisha ndege, basi iangalie kwenye tiketi.

3. Mlango wenyewe

Andika kwenye simu "viza ya India" na utaona majina mengi yanayofanana kama mapacha wa mtaa mmoja: bendera ya rangi tatu, simba wa Ashoka, picha ya Taj, na maneno ya "haraka" na "uhakika". Yanayotokea juu kabisa mara nyingi ni matangazo ya kulipia. Mengine ni mawakala wanaochukua ada ya serikali na kuongeza yao mara mbili au tatu. Mengine hayapeleki maombi popote, yanachukua hela na picha ya pasipoti yako, na hilo la pili ndilo baya zaidi, maana hela hutafutwa lakini nakala ya pasipoti ikishatoka mkononi hairudi.

Mlango wa serikali ya India ni mmoja: indianvisaonline.gov.in. Tazama mwisho wa anwani, si picha ya juu. Kama haiishii na .gov.in, toka. Serikali hiyo imesema wazi kwamba haijamteua wakala yeyote kukusanya ada ya dharura wala kuharakisha maombi. Anayekwambia ana mtu wake ndani huko Delhi, muulize kwa nini huyo mtu wake hajamnunulia hata bando.

Kumlipa kijana wa saiba au steshenari akusaidie kujaza ni jambo la halali na kazi yake inastahili pesa. Mahitaji yangu kwake ni mawili tu. Afungue anwani hiyo mbele ya macho yako. Na barua pepe anayoandika iwe yako, siyo yake, maana kibali kitatumwa huko na wewe hutaki kumtafuta kijana Jumapili usiku akiwa kwao Mkuranga.

2. Unakwenda kufanya nini hasa?

"Utalii" linaonekana ni jibu la adabu, lisilomsumbua mtu. Ndiyo maana watu huliandika hata wakiwa na faili la hospitali kwapani.

Wengi wetu tunaokwenda India tunakwenda kutibiwa. Chennai, Hyderabad, Bengaluru, Delhi, Mumbai: majina haya kwetu yanatajwa kwenye vikao vya familia vya kuchangishana, na mtu akisema "anapelekwa India" kila mmoja anajua maana yake. Kwa safari hiyo ipo viza yake kabisa, ya matibabu, na inaombwa kwenye tovuti ileile. Inadumu siku 60 tangu kutua kwa mara ya kwanza, na unaruhusiwa kuingia mara tatu. Wasindikizaji wawili wanaweza kupata viza yao iliyofungamana na ya mgonjwa. Kinachohitajika zaidi ni barua ya hospitali ya kule yenye nembo yake, na hospitali zinazopokea wagonjwa wa kigeni zimezoea kuitoa.

Viza ya utalii ni ya kutalii, kuona ndugu na marafiki, au kozi fupi ya yoga. Ukiingia nayo na mgonjwa halafu daktari akasema matibabu yatachukua wiki saba, utakuwa na viza ya siku 30, isiyoongezwa, isiyobadilishwa, na mzazi wako yuko wodini. Hapo ndipo familia inapoanza kukimbia ofisi hadi ofisi katika mji isioujua, kwa jambo ambalo lingeandikwa sawa tangu nyumbani kwa kuchagua mstari mwingine. Kaka unayejaza fomu kwa niaba ya mama, tafadhali: chagua mstari wa matibabu. Mama akipona, mtarudi kutalii, na mtaomba ya utalii kwa raha zenu.

1. Jina lako

Umeshangaa? Ulidhani jina lako unalijua.

Nyumbani wewe ni Mama Asha. Kazini ni Bi. Rehema. Kwenye cheti cha darasa la saba ni Rehema Juma, kwenye kitambulisho ni Rehema Juma Hamisi, na kwenye tiketi ya ndege binti yako ameandika Rehema Kassim, kwa heshima ya mume. Wote hao ni watu wema na tunawapenda, lakini India inamsubiri mmoja tu: yule aliyeandikwa kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwa mpangilio uleule.

Sisi tunaitwa kwa jina letu, la baba, kisha la babu. Fomu inataka mafungu mawili: jina la ukoo, na majina mengine. Usianze kufikiri ukoo wenu ni upi. Mkutano huo wa familia hautaisha leo. Fungua pasipoti, tazama lililoandikwa kwenye mstari wa jina la ukoo, liweke kwenye fungu la ukoo. Yaliyobaki yaweke kwenye lile lingine, yote, hata lile la kati usilolipenda. Kama uliwahi kubadili jina, fomu ina mahali pake pa kusema hivyo.

Namba ya pasipoti nayo inataka macho mawili. Sifuri si herufi O. Moja si herufi I. Kibali kinafungamana na namba hiyo, na afisa wa shirika la ndege kaunta ya kukagua hana uwezo wa kukihurumia kitabu chenye namba nyingine. Watoto pia, hata mchanga wa miezi miwili, kila mmoja ana maombi yake na picha yake. Ndiyo, macho wazi. Bahati njema.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mpe mtu mwingine pasipoti asome kwa sauti, herufi moja moja, wewe ukifuata kwenye skrini kwa kidole. Wapeni watoto kazi hii, wanaipenda na hawana huruma. Kosa likionekana sasa, unarudi ukurasa mmoja nyuma ukalirekebisha. Likionekana baada ya kulipa, ni fomu mpya na ada mpya.

Jibu likichelewa kwenye barua pepe, angalia folda ya taka, kisha ingia kwenye tovuti ileile uangalie hali ya maombi kwa namba yako. Neno la kutafuta ni "Granted". Mpaka ulione, viza bado huna, hata kama umelipa na umeaga mtaa mzima. Ukishaliona, chapa kibali kwenye karatasi. Simu huzimika, karatasi haihitaji chaji. Ukitua utachukuliwa alama za vidole na picha, kisha utagongewa muhuri.

Halafu bado kidogo. Tangu 1 Oktoba 2025 India ina kadi ya kuwasili ya mtandaoni, inayojazwa ndani ya saa 72 kabla ya kutua, bila malipo. Fomu nyingine, ndiyo, nimekusikia ukiguna. Hawaulizi kovu. Jina wanaliuliza, na sasa unajua pa kulitazama.